Niligawanya kwa 20: kosa la TFC yangu juu ya kompteri na betri zake



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, hotuba na maamuzi ya wakubwa. Leo nataka kuhakiki andiko la mtu mdogo: TFC yangu mwenyewe. Niliitetea miaka sita iliyopita, hapa Goma, mbele ya juri ya walimu watatu. Ilikuwa inazungumza juu ya kompteri za kisasa za umeme na za maji: zile ambazo zinatuma hesabu zenyewe kwa njia ya redio, na zile za kulipia mbele ambazo sisi wote tunaita kashpawa. Nilipata distinksioni. Walimu wakanipa mkono, familia ikaninunulia fanta, na mimi nikaamini kwamba nimesema kweli.

Lakini ndani ya kazi ile kuko kosa moja ambalo hakuna aliyeliona. Liko katika sura ya tatu, kwenye jedwali la gharama. Nilichukua bei ya kompteri moja nikaigawanya kwa 20, yaani miaka 20. Basi. Ninaandika leo kwa sababu naliona kosa lile lile katika kazi za wadogo zetu wanaoniletea niwasomee mbele ya kutetea. Na kilicho kibaya zaidi, naliona katika mafaili ya miradi ambayo inagusa mifuko ya watu.

Usiku wa mawe

Aliyenifungua macho si profesa. Ni mama yangu mkubwa. Yeye anauza samaki wa barafu, tena ana friji kubwa ya kugandisha ambayo alinunua kwa pesa ya likelemba. Nyumba yake iko na kompteri ya vipande viwili. Kompteri yenyewe iko inje, juu ya nguzo, imefungwa kwa muhuri. Ndani ya nyumba kuko kiboksi kidogo chenye vifungo vya namba, ambamo unaingiza tarakimu 20 za umeme ulionunua.

Siku moja ya Jumapili, saa tatu usiku, alinipigia simu.

— Mwanangu, uniti zimeisha. Nimenunua zingine kwa simu, namba nimezipata, lakini hii kitu haiwake. Weye ndiye ulisoma mambo ya kompteri, sasa unisaidie.

Nikamwuliza kama amebadilisha mawe.

— Mawe gani?

Hapo nikakaa kimya. Kiboksi kile, umeme ukiwa nyumbani, kinatumia umeme wa nyumba. Lakini uniti zikiisha, kompteri inakata, nyumba inabaki giza, na kiboksi kinabaki na mawe yake tu, mawe madogo kama ya rimoti ya televisheni. Yaani saa ile unapokihitaji zaidi ndiyo saa ile kinapotegemea mawe. Na mawe yale yalikuwa humo tangu siku fundi alipofunga kompteri, miaka mitatu nyuma. Hakuna aliyemwambia mama kwamba yanabadilishwa. Alipofungua kifuniko alikuta yameshatoa maji na kuota kutu.

Kwa saa ile maduka yamefungwa, tena mtaani si saa ya mama wa umri wake kutembea. Mchana kutwa kulikuwa delestaji, kwa hiyo friji ilikuwa imechoka tayari. Asubuhi alipopata mawe mawili ya franka 1.500, samaki walikuwa wameanza kulegea. Kartoni mbili aliziuza kwa nusu ya bei ili zisiharibike kabisa.

Alilipa umeme wake, pesa ilikuwa imetoka kwenye simu, namba alikuwa nazo mkononi. Kilichokosekana ni mawe ya franka 1.500. Na katika jedwali langu la gharama, lile la distinksioni, mawe hayo hayakuwa na mstari.

Kusoma karatasi ya kiufundi mpaka chini

Wiki ile nilitafuta tena karatasi ya kiufundi ambayo ilinipa ile namba 20. Nilikuwa bado nayo. Juu kabisa, kwa herufi nono: muda wa kuishi, miaka 20. Wakati wa TFC niliishia hapo. Safari hii niliendelea kusoma. Mistari kadhaa chini, kwa herufi ndogo, nikakuta: betri, miaka 10, kwa joto la digri 25. Na tena chini yake, muda ambao betri inaweza kuvumilia umeme ukiwa umekatika, ukihesabu masaa yote pamoja.

Karatasi haikudanganya. Mimi ndiye nilisoma kichwa cha habari nikaacha habari yenyewe. Miaka 20 ni ya sanduku, ya nyaya, ya ile sehemu inayopima. Betri iko na maisha yake mengine, na maisha hayo yana masharti: joto fulani, idadi fulani ya ujumbe kwa siku, umeme unaokatika kwa nadra. Ukiondoa masharti, namba inabaki kama kichwa bila mwili.

Mwalimu wa fasihi anatufundisha kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, na katika hali gani? Karatasi ya kiufundi nayo inataka kusomwa hivyo hivyo. Anayesema ni muuzaji. Anamwambia mnunuzi wa kampuni. Na hali anayoizungumzia ni ya maabara, ao ya mji ambamo umeme hauzimiki. Mama yangu mkubwa hayumo katika mazungumzo hayo, lakini ndiye atakayelipa.

Betri inafanya kazi gani ndani ya kompteri?

Wengi watauliza: kompteri ya umeme inahitaji betri ya nini, na umeme uko pale pale? Ni swali zuri, na kuuliza si ujinga. Tutenganishe mambo mawili.

Kompteri ya umeme inajilisha kutoka kwenye waya. Betri ndogo ya ndani iko pale kwa ajili ya wakati waya hauna kitu: inaiwezesha saa ya ndani kuendelea kutembea, na katika aina nyingi inalinda pia kile kijicho kinachoandika kama mtu amefungua kifuniko. Uniti zako hazitegemei betri hiyo, zinakaa katika kumbukumbu ambayo haihitaji umeme. Kwa hiyo betri ikifa huenda usione kitu leo. Lakini saa inapotea. Kompteri inaandika tarehe za uongo. Na kama kampuni iko na bei mbili, bei ya mchana na bei ya usiku, kompteri isiyojua saa haiwezi kukutendea haki.

Sasa angalia hali yetu. Betri hii inalala umeme ukiwepo, inafanya kazi umeme ukikatika. Aliyeiunda alihesabu kwamba italala karibu maisha yake yote. Tuseme imepangiwa kuvumilia miaka 2 ya giza kwa jumla. Katika mji ambamo umeme unakatika masaa machache kwa mwezi, miaka hiyo 2 haitaisha kamwe, betri itazeeka ikiwa bado imejaa. Katika mtaa wenye delestaji ya masaa 12 kwa siku, nusu ya maisha ni giza, na ile miaka 2 inaisha katika miaka 4. Kompteri ni ile ile, betri ni ile ile, karatasi ni ile ile. Delestaji inatunyima umeme leo, tena kimya kimya inakula kompteri ambayo itatuuzia umeme kesho. Katika TFC yangu delestaji ilikuwa na sura nzima, kompteri zilikuwa na sura nzima, na sikuona kwamba sura hizo mbili zinakulana.

Kompteri ya maji ni mambo mengine. Bomba halina umeme. Kompteri ya maji ya kisasa inaishi kwa betri peke yake, tangu siku inapofungwa mpaka siku inapotupwa: kuhesabu ni betri, kutuma ni betri, na kama ina kifungo cha kufunga maji kwa asiyelipa, hata kile ni betri. Ya gesi vilevile. Kwa hizi, betri ikifa, kompteri imekufa.

Tufanye hesabu ya mkono

Betri inayotumiwa sana katika kompteri za namna hii ni ya litiamu na thionili kloridi. Inatoa volti 3,6, haichajiki, na sifa yake kubwa ni kwamba ikikaa bila kazi inapoteza karibu asilimia 1 tu ya nguvu yake kwa mwaka katika joto la kawaida. Mawe ya redio hayawezi kushindana nayo. Kwa hiyo mtu akisema betri inaweza kufika miaka 20, hasemi upuuzi. Swali ni: inafika ikiwa inafanya nini?

Chukua ile kubwa, ya unene wa mawe ya redio ya zamani. Inabeba karibu amperesaa 19. Toa kile kinachopotea chenyewe katika miaka 20, karibu moja ya tano. Zinabaki kama 15. Miaka 20 ni masaa 175.200. Ukigawanya, unapata kwamba kompteri ina ruhusa ya kula, kwa wastani, chini ya mikroampere 90. Mikroampere moja ni ampere iliyogawanywa mara milioni. Ni kama kupewa mfuko mmoja wa makala na kuambiwa upikie familia miaka 20. Unaweza, kama unapika mara moja moja.

Kinachokula sana ni redio. Tuseme kila ujumbe unachukua miliampere 100 kwa sekunde 1. Huu si mfano wa kampuni yoyote, ni hesabu yangu ya mkono. Ukituma mara 1 kwa siku, miaka 20 inakula amperesaa 0,2. Hakuna shida. Ukituma kila saa, inakula karibu amperesaa 4,9, yaani moja ya tatu ya zile 15. Ukituma kila robo saa, inakula 19,5. Betri imekwisha mbele ya kufika mwisho, na hatujahesabu bado kazi ya kupima maji yenyewe.

Kwa hiyo miaka ya betri haiamuliwi na kiwanda peke yake. Inaamuliwa pia na mtu aliyekaa ofisini mbele ya kompyuta ambaye siku moja anasema: «Tunataka habari kila dakika 15.» Kwake ni kubadilisha namba moja kwenye programu. Hapati faktire siku hiyo. Faktire inakuja miaka mingi baadaye, na huenda yeye hayuko tena katika kazi ile.

Ongeza na mambo ya mahali. Kompteri iliyofungwa ndani ya shimo, chini ya kifuniko cha betoni, inapiga kelele ili isikike, na ikikosa jibu inarudia tena na tena. Kila kurudia ni betri. Kompteri iliyo katika sanduku la chuma kwenye jua la Kindu ao la Kalemie haiishi katika digri 25 za maabara, na joto linazidisha kile kinachopotea bure. Goma tuna bahati ya baridi ya mlima, lakini mawe ya volkeno na kuta nene nazo hazipitishi redio vizuri.

Na msifikiri hii ni shida ya Afrika peke yake. Toronto, nchini Kanada, ilianza mwaka 2010 kuweka katika mji mzima vifaa vya kutuma hesabu za kompteri za maji, zaidi ya 400.000. Vilitarajiwa kuishi miaka 20. Betri zikaanza kufa kwa wingi mapema kuliko hapo, watu wengi wakaanza kupata faktire za kukadiriwa, na mji ukalazimika kupanga kuvibadilisha. Mji tajiri, wenye mainjinia na wanasheria, ulikamatwa na namba ile ile iliyonikamata mimi. Tofauti ni kwamba wao wana pesa ya kurudia kazi.

Pesa iko wapi?

Mtetezi wa miradi ataniambia: ndugu, betri ni dola chache tu, unalia ya nini? Nami nilijibu hivyo ndani ya nafsi yangu kwa muda. Lakini ubei wa betri si betri. Ni kuifikia.

Kwanza, mara nyingi imechomelewa juu ya kadi ya ndani, na sanduku limefungwa kwa muhuri. Ukivunja muhuri, hakuna tena anayeweza kuthibitisha kwamba kompteri inapima sawasawa, na garanti imekwisha. Ya maji imemwagiwa plastiki ngumu ndani ili maji yasiingie, haifunguki kabisa. Kwa hiyo betri ya dola chache ikifa, unabadilisha kompteri nzima. Pili, unahitaji fundi, usafiri wa motari, muhuri mpya, na mtu wa kuandika namba ya zamani na namba ya mpya bila kukosea. Tatu, unahitaji mteja awe nyumbani. Asipokuwepo, unarudi.

Tufanye mfano. Mtandao wa maji wenye wateja 10.000. Tuseme kompteri ni dola 80 na kazi ya kuifunga ni dola 6. Jumla ni dola 86. Ukigawanya kwa miaka 20 kama nilivyofanya mimi, ni dola 4,30 kwa kila mteja kwa mwaka. Inaonekana ndogo, mradi unapita, watu wanapiga makofi. Sasa betri ziishe katika miaka 10. Inakuwa dola 8,60, mara mbili. Na si hivyo tu. Kwa kuwa kompteri zote zilifungwa katika mwaka mmoja, zinakufa karibu pamoja. Katika mwaka wa 10 unahitaji dola 860.000 kwa mpigo. Nani aliziweka pembeni?

Hapa ndipo ninataka tusimame, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linakuwa letu. Miradi mingi tunayofanyia kazi inakaa miaka 3 ao 5. Mfadhili ananunua kompteri, zinafungwa, picha zinapigwa, ripoti ya mwisho inaandikwa: mafanikio. Betri bado nzima. Mradi unafungwa, gari la mradi linaondoka. Mwaka wa 8, mwaka wa 9, kompteri zinaanza kunyamaza moja baada ya moja. Mfadhili hayupo, aliyeandika ripoti hayupo. Anayebaki ni kamati ya maji ya mtaa ao kampuni ndogo, na daftari ambalo halikuwahi kuwa na mstari wa betri. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliosoma gestion tulidhani methali hiyo inawasema wachuuzi wa sokoni. Inatusema sisi.

Na kompteri ikinyamaza, nani analipa? Ao kampuni inakadiria, na tunarudi kwenye ugomvi wa faktire ya forfe ambao kompteri zilikuja kuumaliza. Ao inapandisha bei kwa wote. Ao inamwambia mteja anunue kompteri mpya mwenyewe. Njia zote tatu zinafika mlango ule ule. Mawe ya kiboksi cha mama mkubwa yanatufundisha jambo moja tu: gharama ambayo haikuandikwa kwenye karatasi haipotei. Inashuka, inashuka, mpaka inafika kwa mtu wa mwisho, ambaye hakuulizwa.

Je, kompteri hizi ni mbaya?

Hapana, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimezikataa. Wale mnaokumbuka forfe mnajua: nyumba yenye balbu mbili inalipa sawa na nyumba yenye friji tatu, ajenti anakuja na karatasi, unabishana naye mlangoni. Kashpawa iliondoa hayo. Unalipa unachotumia, na pesa ya kampuni inaingia mbele. Kompteri ya maji inayotuma hesabu inaweza kuonyesha bomba linalovuja usiku wakati watu wote wamelala. Sehemu hiyo ya TFC yangu ninaitetea hata leo.

Wengine watasema: Kongo ndiyo nchi ya betri, tuna kobalti, tuna litiamu ya Manono, shida itaisha yenyewe. Tuwe waangalifu. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ni kweli, lakini kobalti hiyo inaenda katika betri za kuchajika, za simu na za magari. Betri ya kompteri niliyoieleza haina kobalti, na haichajiki. Na litiamu iliyo chini ya ardhi ya Manono haibadilishi betri iliyokufa katika kompteri ya Ndosho. Fahari ya madini isitufanye tuache kuhesabu. Tena betri hizo zikifa ni takataka mbaya: ndani kuko kemikali inayounguza, hazifunguliwi wala hazitupwi motoni. Katika TFC yangu hakukuwa na mstari wa kuzikusanya. Watoto wanaookota vyuma mtaani watazikuta.

Ningeandika namna gani leo?

Kama ningeitetea tena, ningebadilisha kurasa nne tu, lakini kazi nzima ingesema jambo lingine.

Ningeandika miaka ya betri pembeni ya miaka ya kompteri, na ningegawanya kwa ile iliyo ndogo. Ningeuliza muuzaji: miaka hiyo ni kwa joto gani, ujumbe mara ngapi kwa siku, na masaa mangapi ya giza? Kisha ningeweka masaa yetu ya delestaji mahali pa masaa yake. Ningeuliza kama betri inabadilishika bila kuvunja muhuri wa kipimo, kwa sababu kompteri ya dola 90 ambayo betri yake inabadilishwa kwa dola 10 inaweza kushinda ile ya dola 80 ambayo inatupwa. Ningeuliza garanti inalipa nini: kompteri peke yake, ao na fundi na motari pia? Ningependekeza kompteri zifungwe kwa awamu, ili zisife mwaka mmoja. Na ningeweka mfuko: kila mwezi, kutoka kwa kila mteja, franka kidogo zinazoandikwa waziwazi kwenye faktire, «betri», ili mteja ajue analipa nini na aulize zimeenda wapi.

Kwa wale wa kiboksi, sentensi moja ya fundi siku ya kufunga ingetosha: «Mama, haya mawe utabadilisha kila mwaka, usingoje uniti ziishe.»

Juri yangu haikuniuliza juu ya betri hata swali moja. Sio kwamba walimu walikuwa wajinga. Jedwali lilikuwa safi, jumla zilikuwa sahihi, na namba 20 ilikuwa na marejeo chini ya ukurasa. Sisi tulifundishwa kuangalia kama hesabu imefanywa sawasawa. Hatukufundishwa sana kuuliza namba imetoka wapi na ilizaliwa katika maisha ya nani. Lakini ninyi finalisti wa leo ndio mtakaokaa kesho katika tume zinazochagua kompteri za miji yetu. Muuzaji ataweka mezani karatasi nzuri yenye namba nono. Tafadhali, someni mpaka chini.

Mama mkubwa sasa ana mawe ya akiba ndani ya kabati, amefunga kwa kitambaa pamoja na kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto. Nilipomweleza kwamba kompteri ya juu ya nguzo nayo ina betri yake ndani, aliniangalia akauliza:

— Na ile, itakapokufa, ni nani atapanda kule juu? Na ni mimi tena nitalipa?

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilipaswa kuandikwa kwenye mkataba siku kompteri ziliponunuliwa. Kama wewe unafanya kazi mahali ambapo mikataba hiyo inaandikwa, tuambie hapa chini: kwenu, mstari wa betri upo?